Kumsaidia mhadhiri afundishe vizuri zaidi: mwongozo wa muhula mmoja, hatua kwa hatua

Wengi wetu tulioko vyuoni tuliingia darasani kwa sababu ya GPA. Ulimaliza shahada ya kwanza na 3.8 au zaidi, ukachukuliwa kuwa mkufunzi msaidizi, ukaenda kusoma uzamili, ukarudi ukakabidhiwa kozi, ukumbi na wanafunzi mia tatu. Mwalimu wa shule ya msingi pale Njoro amepita chuo cha ualimu, amefanya mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi wake amemkalia nyuma ya darasa akimwangalia. Mhadhiri mwenye PhD anayefundisha kilometa chache kutoka hapo anaweza kufika umri wa kustaafu bila mtu yeyote kumwona akifundisha, ukiacha wanafunzi wake.

Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa, au aliyejitwika mwenyewe, kazi ya kuwasaidia wenzake: mratibu wa taaluma kitivoni, mkuu wa idara, au mhadhiri mwandamizi ambaye wenzake humfuata wakikwama. Nauandikia Moshi na mifano yake ni ya hapa, ila aliyeko Makumira, Njiro au Tengeru, upande wa Arusha, hataona tofauti kubwa. Bajeti haihitajiki. Kinachohitajika ni muhula mmoja, wahadhiri watatu au wanne walio tayari, na msaidizi anayejua kutunza siri.

Kabla ya yote: tenganisha msaada na ukaguzi

Mipango mingi hufia hapa. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inataka kila chuo kiwe na mfumo wa uthibiti ubora, na mwajiri ana haki ya kumpima mwajiriwa wake. Hilo halina ubishi. Lakini anayempima mhadhiri na anayemsaidia wasiwe mtu mmoja. Mhadhiri akijua kwamba utakachokiona leo kitafika kwenye kamati ya kupandisha vyeo, atakuandalia onyesho: slaidi mpya, maswali aliyowapangia wanafunzi watatu tangu jana, na suti. Utaondoka umefurahi na hutakuwa umemsaidia chochote.

Andikeni makubaliano ya nusu ukurasa, mkayasaini wote wawili. Yaseme kwamba mhadhiri ndiye anayechagua kozi na siku ya kutembelewa. Kwamba kila kitakachoandikwa ni mali yake. Kwamba msaidizi hatatoa ripoti kwa mtu yeyote, hata Naibu Makamu Mkuu wa Chuo akiomba. Na kwamba mhadhiri anaweza kusitisha wakati wowote bila kutoa sababu. Idara ijulishwe kitu kimoja tu, idadi ya wahadhiri walioshiriki.

Kama wewe ndiye unayempitishia mhadhiri huyo tathmini yake kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, usijidanganye kwamba utavaa kofia mbili. Mtafutie msaidizi kutoka idara nyingine. Mtu wa fani nyingine ana faida yake pia: hajui somo, kwa hiyo ataona haraka mahali mwanafunzi anapopotea.

Hatua ya kwanza: anza na anayetaka

Uongozi utakushauri uanze na wale ambao kozi zao zina sapu nyingi, yaani wanafunzi wengi wa kurudia mtihani. Kataa kwa adabu. Ukianza nao, kufikia Ijumaa chuo kizima kitajua kwamba anayeitwa kwako ana matatizo, na hakuna atakayekuja tena. Anza na mhadhiri ambaye tayari anasifika, mwenye hamu ya kujaribu kitu kipya. Wenzake wakimsikia akisimulia kwenye chai ya saa nne, wawili watakutafuta wenyewe.

Kila mmoja alete kozi moja na tatizo moja. "Nataka kuboresha ufundishaji wangu" halishikiki. "Ikifika wiki ya sita nusu ya darasa hawaji" linashikika. "Wanafaulu test lakini kwenye mafunzo kwa vitendo hawawezi kusoma mizania" ni bora zaidi.

Hatua ya pili: mazungumzo ya kwanza

Tenga dakika arobaini, mahali ambapo wanafunzi hawatagonga mlango kuuliza alama zao. Kama uliyemwendea amekuzidi umri na cheo, na mara nyingi itakuwa hivyo, heshima itangulie ila isigeuke woga. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo Prof."

"Marahaba, karibu. Nimesikia unakuja kunifundisha kufundisha."

"Hapana Prof, nimekuja kusikiliza. Muhula huu ni kozi gani inakuchosha?"

"Ile ya mwaka wa kwanza. Wanakariri tu. Ukigeuza swali kidogo wameanguka wote."

"Swali lenyewe unalo hapa?"

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba kikao. Inayatoa mazungumzo kwenye malalamiko kuhusu vijana wa siku hizi na kuyaweka mezani, kwenye karatasi ambayo wote wawili mnaweza kuisoma. Usitoe ushauri wowote siku hiyo hata ukiombwa.

Hatua ya tatu: soma mtihani kabla ya kwenda darasani

Omba vitu vitatu: muhtasari wa kozi, test ya mwisho na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya mwaka jana. Viweke pamoja. Mbele ya kila swali andika neno moja linaloonyesha mwanafunzi anatakiwa afanye nini: kutaja, kueleza, kukokotoa, kuamua. Kisha linganisha na malengo ya kozi.

Mara nyingi utakuta muhtasari unasema mwanafunzi ataweza kuchambua taarifa za fedha za chama cha ushirika, halafu mtihani unamwambia ataje sifa saba za taarifa bora za fedha. Wanafunzi wanalijua hili kabla yako. Nenda kwenye vimbweta usiku uone wanachosoma: madesa, yale makabrasha ya mitihani ya miaka mitatu iliyopita yenye majibu yake. Tunawalaumu kwa kukariri wakati sisi ndio tunaolipa alama za kukariri, na hakuna mbinu ya darasani itakayoshindana na mtihani wa namna hiyo.

Fanyeni na hesabu ya muda. Kwa kanuni za TCU krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Kwa muhula wa wiki 15 hiyo ni saa 8 kwa wiki. Mihadhara ikichukua 3 na seminari 1, zinabaki saa 4 ambazo ni za mwanafunzi. Muulize mhadhiri: wiki hii umewaambia wafanye nini kwenye hizo saa nne? Jibu likiwa "wajisomee", hapo pana kazi ya kuanza nayo. Kurasa kumi na mbili zilizotajwa kwa namba, na maswali mawili ya kuja nayo yakiwa yameandikwa, vinatosha.

UE huwezi kuibadilisha kesho. Inapita idarani na kwa mtahini wa nje. Anzeni na test na kazi za seminari, ambazo kwenye vyuo vingi ndizo zinazobeba alama 40 za coursework. Badilisheni maswali mawili yawe ya kuamua au kuchambua, na mifano ya maswali ya aina hiyo ipitiwe darasani mapema. Kuwashtukiza wanafunzi kwenye test ni kutafuta mgomo.

Hatua ya nne: kuketi darasani

Fika mapema kabla ya mhadhiri. Keti theluthi ya nyuma, pembeni, mahali unapoona nyuso. Acha kompyuta mpakato ofisini. Ukichapa, darasa zima litadhani ni ukaguzi. Mhadhiri aseme sentensi moja tu: "Huyu ni mwenzangu, amekuja kuniangalia mimi, siyo ninyi."

Chora safu tatu kwenye karatasi: saa, mwalimu anafanya nini, wanafunzi wanafanya nini. Andika kinachotokea na uache maoni yako nje ya ukumbi. "Darasa limepoa" ni maoni. "Safu nne za nyuma wameinamia simu" ni tukio. Karatasi nzuri husomeka hivi:

2:05 – Anaunganisha projekta. Kama 140 wameketi, wengine bado wanaingia.
2:12 – Anasoma malengo ya leo kwenye slaidi. Wengi wanapiga picha slaidi kwa simu, wachache wanaandika.
2:31 – "Mmeelewa?" "Ndiyooo." Sekunde moja. Slaidi inayofuata.
2:33 – Mvua kwenye bati. Anapaza sauti. Safu nne za nyuma wanaacha kuandika.
2:47 – "Kwa nini chama hakiwezi kugawa fedha yote?" Sekunde mbili. Anajibu mwenyewe.
2:58 – Msichana wa safu ya tatu ananyoosha mkono, anaushusha. Mwalimu alikuwa ubaoni.

Ukiisoma karatasi hiyo, huhitaji kuongeza neno. "Mmeelewa?" ni swali ambalo kwa malezi yetu lina jibu moja tu, mtoto aliyelelewa kumheshimu mwalimu hatasimama mbele ya watu 140 aseme hapana. Na zile sekunde mbili zina historia yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa ya sayansi ya shule za msingi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifikisha tatu au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi waliokuwa kimya huanza kujitokeza. Kwa hiyo hesabu sekunde kwa saa yako, uandike.

Mvua nayo usiipuuze. Kuanzia Machi hadi Mei, ukumbi wenye bati lisilo na dari huwa haufundishiki kwa mdomo kwa dakika ishirini nzima, na huyo mhadhiri hana kosa. Anachoweza kufanya ni kuwa na kazi ya maandishi tayari mfukoni: mvua ikianza, swali linaandikwa ubaoni, wanafunzi wanalifanya wawili wawili mpaka itulie.

Hatua ya tano: mrejesho

Kaeni ndani ya siku mbili, darasa likiwa bado kichwani. Mpe karatasi yenyewe, ile ya mkono, aisome kimya. Kisha uliza: "Umeona nini?" Wengi wataona kuliko ulivyoona wewe, na watajihukumu vikali zaidi. Kazi yako inakuwa kumzuia asitake kubadilisha kila kitu Jumatatu. Chagueni jambo moja, moja kweli, ambalo litaingia kwenye vipindi vitatu vijavyo.

Kama hamjui mchague lipi, mimi ningeanza na kuua "Mmeelewa?" na kuweka mahali pake swali lenye machaguo. Namba za mfano huu ni za kubuni:

*Chama cha msingi cha ushirika kimewalipa wakulima malipo ya awali ya shilingi 4,000 kwa kilo ya kahawa. Mnadani kahawa imeuzwa kwa shilingi 6,000 kwa kilo. Gharama zote zilizokubaliwa na wanachama ni shilingi 800 kwa kilo. Shilingi 1,200 zilizobaki, kabla mkutano mkuu haujaamua chochote, utaziweka wapi kwenye vitabu? A: faida ya chama. B: deni kwa wakulima. C: akiba ya chama. D: hisa za wanachama.*

Kukokotoa 1,200 hakumsumbui mtu. Kinachowagawa ni kuamua fedha hiyo ni ya nani, na mtoto wa Kibosho au Marangu ambaye kwao walisubiri malipo ya pili ana la kusema. Utaratibu ni huu: kila mmoja afikirie peke yake dakika moja, kisha wote waonyeshe jibu kwa vidole vilivyowekwa kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, ili jirani asiige. Mhadhiri atupe jicho. Wakipata karibu wote, aendelee na somo. Wakikosa karibu wote, afundishe upya. Wakigawanyika, kila mmoja amgeukie jirani mwenye jibu tofauti wabishane dakika tatu, halafu wapige tena kura. Njia hii ilianzia Harvard mwaka 1991 kwa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia aliyegundua kuwa wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa vizuri bila kuelewa. Haihitaji umeme.

Ubishi ule wa jirani kwa jirani waufanye kwa Kiswahili. Najua kanuni inasema lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na jibu la mwisho litolewe kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi aliyeanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza bado anafikiri mambo magumu kwa Kiswahili, na dakika tatu za kufikiri kwa sauti hazijawahi kuharibu Kiingereza cha mtu.

Mhadhiri atakuuliza ushahidi. Ni mtafiti, ana haki. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye mihadhara ya kawaida waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na pale wanafunzi waliposhirikishwa walikuwa 21.8. Mwambie na upande wa pili: utafiti wa Harvard wa 2019 uliona kwamba wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi huku wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo. Manung'uniko yatakuja. "Huyu hafundishi, anatuuliza maswali tu." Dawa ni kuwaeleza sababu mapema, na kurudia baada ya test ya kwanza.

Hatua ya sita: wasikilize wanafunzi katikati ya muhula

Fomu ya mwisho wa muhula, ile ambayo wanafunzi humpa mhadhiri alama, inamfikia mhadhiri wakati waliojaza wameshapanda basi kwenda makwao. Isitoshe, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 haukuona kwamba wahadhiri wanaopewa alama za juu ndio ambao wanafunzi wao hujifunza zaidi. Fomu ni ya utawala, iache huko.

Wewe fanya kikao cha dakika ishirini na tano wiki ya tano au ya sita. Utaratibu wake ulibuniwa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle mwishoni mwa miaka ya 1970, na unafanya kazi hapa bila kubadilisha kitu. Mhadhiri anakukaribisha, anatoka kabisa, na asibaki mlangoni. Wagawe vikundi vya watano watano au sita. Kila kikundi kipate karatasi moja yenye maswali matatu: nini kinakusaidia kujifunza kwenye kozi hii, nini kinakukwamisha, na unapendekeza nini kifanyike. Wape dakika nane. Kisha vikundi vitaje hadharani, wewe ukiandika ubaoni na kuuliza kwa kila hoja: wangapi wanakubali? Nyosheni mikono. Hesabu hiyo ndiyo inayotenganisha kero ya darasa na kero ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Usimwache CR, kiongozi wa darasa, azungumze kwa niaba ya wote. Anaijua siasa ya darasa kupita kiasi.

Yatakayotoka mara nyingi ni madogo na yanatibika: anafuta ubao haraka, slaidi zinakuja baada ya kipindi, test zinarudishwa baada ya mwezi bila maelezo, seminari ni mhadhara wa pili. Utayapeleka kwa mhadhiri siku hiyohiyo au kesho yake, majina na miandiko vikiwa vimeondolewa, ukianza na yale yanayowasaidia. Matusi, yakiwepo, yachane.

Kisha sehemu inayosahaulika: kipindi kinachofuata mhadhiri achukue dakika tano awajibu. Hili nitalibadilisha kuanzia leo, hili siwezi kwa sababu hii, na hili nawaomba ninyi mbadilishe. Asipojibu, mwakani wakiulizwa wataandika "kozi ni nzuri" na kuondoka.

Hatua ya saba: wakufunzi wasaidizi

Wao ndio wanaoshika seminari na kusahihisha rundo la karatasi, na hakuna anayewaambia kitu. Wape mambo mawili. La kwanza ni somo dogo la dakika kumi mbele ya wenzao wanne, lirekodiwe kwa simu, walitazame, walirudie wiki inayofuata. Stanford walilianza hilo mwaka 1963 kwa mitambo mikubwa. Leo simu ya mfukoni inatosha. La pili ni kusahihisha pamoja. Chukueni karatasi tano zilezile, kila mmoja asahihishe peke yake, halafu muweke alama mezani. Pakitokea karatasi moja iliyopata 9 kwa mmoja na 15 kwa mwingine, mtakuwa mmepata ajenda ya jioni nzima, na mwongozo wa kusahihishia utaandikwa upya hapohapo.

Mambo ya kuomba kwa uongozi

Usiombe semina ya siku mbili hotelini Arusha. Tunazijua: ufunguzi, picha ya pamoja, wataalamu wenye slaidi tisini kuhusu kushirikisha wanafunzi, posho, kuondoka. Omba maikrofoni inayofanya kazi. Omba ratiba isiyompa mhadhiri mmoja vipindi vitatu vya watu mia tatu kwa siku. Omba barua inayomruhusu mhadhiri kuweka kazi yake ya kufundisha kwenye jalada la kupandishwa cheo kwa uzito unaoeleweka, maana wengi wanajua kwamba makala moja kwenye jarida itawasogeza mbele kuliko muhula mzima wa kufundisha vizuri. Vyuo vya umma vilivyomo kwenye HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU) na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha vikiwemo, vina mlango mwingine wa kugonga. Dola milioni 425 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa mwaka 2021 kwa mradi mzima si za majengo peke yake.

Kuhusu ChatGPT, maana utaulizwa tu: kazi ya nyumbani ambayo mashine inaijibu yote ilikuwa dhaifu hata kabla ya mashine. Mwanafunzi aende kwenye chama cha msingi, alete daftari la mapokezi aliloliona, na alitetee kwa mdomo dakika tano kwenye seminari.

Utajuaje kama kumebadilika kitu

Chagueni swali moja la test ya mwaka jana ambalo wengi walikosa na ambalo halijazunguka sana kwenye madesa. Lirudisheni mwaka huu namba zikiwa zimebadilishwa. Linganisheni asilimia ya waliopata, na someni majibu kumi ya waliokosa ili mwone wamekosea wapi. Ketini tena darasani mara moja mwishoni mwa muhula, kwa karatasi ya safu tatu ileile, mhesabu maswali aliyojibiwa na wanafunzi na yale aliyojijibu mwenyewe. Muhula unaofuata, mmoja wa wale wanne ndiye aende kuketi kwa mwingine, na wewe uhamie idara ya pili.